Pampu yangu ilisukuma vizuri, gesi ikafika imeharibika

Najua nimekuwa kimya muda mrefu, na wale wanaouliza kantini kama nimedisko wapunguze presha, bado nipo. Nilikuwa nahangaika na mradi wa mwaka wa mwisho. Leo natoa dukuduku langu, maana kuna kitu ambacho sisi watu wa uhandisi hatukipi uzito, na mimi nilipokipuuza aliyeumia alikuwa mtu mwingine kabisa.

Kazi yenyewe ukiisikia ni rahisi. Kuna dada mmoja wa kemia (ameniruhusu kuandika, jina lake tuliache) anayefanya utafiti wa biogesi ya kinyesi cha ng'ombe. Alitaka kujua methani inapanda au inashuka vipi akichanganya kinyesi na maganda ya ndizi. Alihitaji kitu cha kuvuta gesi kutoka kwenye mtambo na kuipeleka kwenye kipima gesi. Mimi nilikuwa natafuta mradi. Tukaelewana: mimi nitengeneze pampu, yeye aitumie.

Nilivyozoea darasani, pampu ina maswali mawili. Inasukuma lita ngapi kwa dakika? Kwa shinikizo gani? Ukiyajibu hayo umemaliza, kanywe chai. Sasa mimi leo nasema hivi: kwa pampu ya gesi hayo ni maswali ya pili na ya tatu. La kwanza ni hili: gesi inagusa nini njiani, na inatoka ikiwa ileile iliyoingia?

Nianze na jaribio la kwanza ili mcheke kidogo. Nilienda kwa fundi friji mmoja mtaani, nikanunua kompresa iliyotumika kwa pesa za bumu. Nilipomweleza nataka kusukumia biogesi, akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa.

"Kijana wangu," akasema, "hii ina mafuta ndani. Kwenye friji haina shida, mafuta yanazunguka na gesi halafu yanarudi. Wewe ya kwako itarudi wapi?"

Nikamwitikia "sawa mzee" kwa heshima zote, nikaondoka na kompresa yangu. Nilijiona msomi. Siku ya kwanza kuiwasha, mwisho wa mpira ukaanza kutoa ukungu wa mafuta. Na hapa ubaya si uchafu wa macho tu. Vipima methani vingi hutumia mwanga wa infraredi: vinaangalia mwanga unavyomezwa na muungano wa kaboni na haidrojeni. Mafuta nayo yamejaa muungano huohuo. Kwa hiyo mvuke wake unaweza kuhesabiwa kama methani, na matone yakishika kioo cha kipima, umekwisha. Isitoshe, kwenye kompresa ya friji mota iko humohumo na gesi. Methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ndani ya hewa inalipuka. Yaani nilikuwa nacheza na bomu na kuliita mradi. Kwa oksijeni ingekuwa mbaya zaidi, kwa sababu mafuta kwenye oksijeni ya shinikizo kubwa yanaweza kuwaka. Ndiyo maana mafundi wa mitungi ya oksijeni wanakatazwa kabisa kupaka grisi kwenye valvu.

Jaribio la pili ndilo lililoleta balaa. Nikanunua pampu ya tangi la samaki, ile ndogo inayonguruma. Hii ni pampu ya kiwambo. Neno lenyewe zuri sana, linatokana na kuwamba, kama tunavyowamba ngozi kwenye ngoma. Kipande cha mpira kimewambwa, sumaku inakivuta na kukiachia, valvu mbili zinafanya gesi iende upande mmoja tu. Hakuna pistoni inayosugua, kwa hiyo hakuna haja ya mafuta. Nikajua nimepata.

Tatizo ni kwamba pampu ya samaki haikutengenezwa ivute gesi kutoka kwenye mpira. Inavuta hewa iliyo ndani ya boksi lake, inayoingia kwa tundu la chini. Nikaziba boksi lote kwa gundi, nikatoboa sehemu moja ya kuingizia gesi. Siku ya kuwasilisha hatua ya kwanza nikaonyesha lita 2 kwa dakika. Nikapewa alama nzuri na nikapigiwa makofi. Hakuna aliyeuliza gesi inatokaje. Siwalaumu peke yao, hata mimi sikujiuliza.

Dada wa kemia akaanza kupima. Wiki ya kwanza methani asilimia 60, kabonidayoksaidi 39. Safi. Wiki ya nne, methani 57. Wiki ya sita, methani 54 na kabonidayoksaidi 36. Akaja kuniuliza: "Kaka, jumla inakuja 90. Kumi nyingine iko wapi?"

Wadau, nilijibu bila kufikiri. Nikamwambia ni mvuke wa maji. Ningepiga hesabu dakika mbili tu ningeona kwamba kwa nyuzijoto 30 hewa haiwezi kubeba mvuke zaidi ya asilimia 4 hivi. Sikupiga. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye "injinia". Akaanza kuandika kwamba maganda ya ndizi yanapunguza methani.

Kilichomwokoa ni kipima kingine alichoazima, chenye uwezo wa kusoma oksijeni. Kikasoma asilimia 2.1. Sasa fikiria: bakteria wanaotengeneza methani hawataki oksijeni hata kidogo. Ndani ya mtambo mzima haitakiwi kuwepo. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Kwa hiyo 2.1 maana yake sehemu moja katika kila sehemu 10 za sampuli ilikuwa hewa ya kawaida tu, na methani 60 ikichanganywa hivyo inakuwa 54. Maganda ya ndizi hayakuwa na kosa. Gundi yangu ilikuwa inapasuka kidogo kidogo kwa mtikisiko wa pampu, na kila wiki hewa ilizidi kuingia.

Wengine mtasema si angepiga hesabu ya kurudi nyuma? Angeweza, kama oksijeni ingekuwa imepimwa kwa kila sampuli. Haikupimwa. Msimamizi wake akakataa takwimu za kukisia, na alikuwa sahihi. Wiki sita zikaenda na maji. Hakunisema hata neno, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilipotulia ndipo nikaelewa jambo la msingi. Upande wa kuvuta wa pampu, shinikizo ni dogo kuliko la nje. Tundu lolote hapo halitoi gesi nje, linaingiza hewa ndani. Huoni kitu, husikii harufu, na pampu inaonekana nzima. Lita kwa dakika haziteteleki, wakati mwingine zinaongezeka!

Kumbe hata wakubwa wamehangaika na hili. Mwaka 1865 Hermann Sprengel alitoa pampu ambayo matone ya zebaki yanaanguka kwenye bomba jembamba la kioo, kila tone likiwa kama pistoni ndogo inayobeba gesi mbele yake. Hakuna ngozi wala grisi. Pampu za namna hiyo ndizo zilizomsaidia Edison kutoa hewa kwenye balbu zake mwaka 1879. Lakini zebaki nayo ina mvuke wake, na ni sumu. Kila kizibo kinadai chake. Mafuta, mpira, zebaki, maji, vyote vinaacha kitu au vinachukua kitu.

Ndiyo, hata maji. Kuna jamaa alinishauri nisukume gesi kwa maji kama tulivyofanya sekondari, chupa iliyopinduliwa. Lakini lita moja ya maji ya kawaida inaweza kumeza karibu lita nzima ya kabonidayoksaidi. Utapata methani "nyingi" na kufurahi bure. Na ule mpira laini wa silikoni tunaoupenda maabara, kabonidayoksaidi inapenya ukutani mwake haraka kuliko oksijeni. Mpira mrefu ni tundu refu.

Mwaka 1892 Lord Rayleigh aligundua kwamba naitrojeni aliyoipata hewani ilikuwa nzito kuliko ile aliyoitengeneza kwa amonia, kwa tofauti ya karibu nusu asilimia tu. Wasiwasi wake ulikuwa uleule ninaousema hapa: labda kuna uchafu. Akarudia na kurudia mpaka akaridhika kwamba tofauti ni ya kweli, na mwaka 1894 yeye na William Ramsay wakatangaza gesi mpya, agoni. Nusu asilimia! Mimi niliingiza asilimia 10 na sikushtuka.

Basi, suluhisho. Nilikuwa nimelala chali bwenini, umeme umekatika, natazama tumbo langu likipanda na kushuka. Pafu halina msuli wa kujivutia hewa. Kiwambo kilicho chini yake kinashuka, nafasi ya kifua inapanuka, hewa inaingia yenyewe. Kinachovuta hakigusani na hewa inayovutwa. Nikakaa kitako gizani.

Kesho yake nikachukua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kukaza. Ndani nikaweka mfuko wa kuhifadhia gesi, mpira wake mfupi umepita kwenye mfuniko hadi kwenye mtambo. Kwenye tundu la pili la mfuniko nikaunga pampu ya baiskeli niliyoigeuza ngozi yake ya ndani ili ivute badala ya kusukuma. Unavuta hewa ya ndoo, mfuko unafura wenyewe na kujaa biogesi. Ukitaka kuitoa, unarudisha hewa kwenye ndoo, mfuko unaminywa. Gesi haijapita kwenye pampu hata sekunde moja. Pampu inaweza kuwa na grisi, vumbi, kutu, haijalishi.

Nilichokipenda zaidi ni hiki: ndoo ikivuja, hewa inaingia kwenye ndoo, siyo kwenye mfuko. Kazi inakuwa ya polepole tu na utaiona hapohapo. Kosa bado linaweza kutokea, lakini linatokea upande usiomdhuru mtu. Nadhani huo ndio ubunifu wenyewe. Si kujidai kwamba hakitavuja kamwe. Ni kuamua mapema kwamba kikivuja, kivujie wapi.

Bado lazima uoshe mfuko kwa gesi yenyewe. Ukiuminya kikabaki kidogo, tuseme moja ya kumi, kisha ukaujaza, cha zamani ni moja ya kumi. Mara ya pili moja ya mia. Mara ya tatu moja ya elfu. Mara tatu zinatosha. Tulipopima, oksijeni ilisoma 0.1, na jumla ikakaribia 100 kama inavyotakiwa.

Najua mtanikosoa, na nyingine ni kweli. Ndoo haisukumi mfululizo, inakwenda kwa mafungu. Haiwezi shinikizo kubwa, ukivuta sana inabonyea. Mfuko nao unapitisha kidogo, kwa hiyo pima siku hiyohiyo. Anayehitaji mtiririko usiokatika atumie pampu ya kiwambo ya kweli, yenye kiwambo kilichofunikwa kwa tefloni na viungo vilivyozibwa kiwandani, na akiweza aiweke baada ya kipima, si kabla, ili kama inachafua ichafue gesi iliyokwisha kupimwa. Hizo pampu zipo, bei yake ndiyo si ya bumu. Mashine za kuzalisha oksijeni hospitalini, zile tulizozisikia sana wakati wa Uviko mwaka 2020 na 2021, nazo baadhi yake hutumia kompresa isiyo na mafuta kusukuma hewa kwenye zeolaiti, inayoshika naitrojeni na kuacha oksijeni ya karibu asilimia 93. Pale ukungu wa mafuta ungeharibu zeolaiti na kuishia kwenye pafu la mgonjwa.

Kwa hiyo hoja yangu ni ndogo na haihitaji bajeti. Kwenye fomu ya kusahihishia miradi, juu ya mstari wa lita kwa dakika, uongezwe mstari mmoja: ingiza gesi unayoijua, uonyeshe imetoka ileile. Ukishindwa mstari huo, hiyo mingine isihesabiwe. Na sisi wanafunzi, mtu akikuuliza "kumi iko wapi?", usimjibu kwa sababu unaona aibu kutojua. Kapige hesabu kwanza.

Dada wa kemia ameanza upya, yuko wiki ya tatu. Majibu ya maganda ya ndizi atayatoa mwenyewe yakikamilika. Mimi kila Jumamosi asubuhi namshikia ndoo. Na nikipata nauli nitapita kwa yule mzee wa friji nikamwambie alikuwa sahihi.

Nawasilisha.