KILABU NACHO NI KIWANDA

Kumejengeka miongoni mwa baadhi yetu, sisi tunaoshika kalamu na kupokea mshahara, tabia ya kupima heshima ya mtu kwa chombo anachonywea. Anayekunywa bia ya chupa, yenye nembo na kizibo, huhesabiwa kuwa mtu wa maendeleo. Anayekunywa pombe ya ndizi kwa kibuyu au kopo huhesabiwa kuwa mlevi, hata kama yule wa kwanza amebebwa kurudishwa nyumbani usiku wa manane, na huyu wa pili amerudi mapema kwa miguu yake mwenyewe na alfajiri ameamkia shambani. Kipimo hicho ni cha uongo. Ni kasumba. Na ubaya wake ni kwamba gharama yake hatuilipi sisi tunaokitumia. Wanailipa akina mama wa vijijini wanaosomesha watoto kwa mtungi wa pombe.

Tuchukue mfano wa Makere. Makere iko katika nyanda za juu za Kigoma, wilayani Kasulu, kwenye njia iendayo Kibondo. Ni nchi ya Waha: nchi ya migomba, maharage, mihogo na mahindi, na kwenye misitu yake ya miombo, nchi ya asali. Mtumishi anayehamishiwa huko kutoka mjini akishusha mizigo yake huuliza baa iko wapi. Akiambiwa kuwa vipo vilabu, hutikisa kichwa na kusema kwamba hapa hakuna mahali pa kunywa. Macho anayo, lakini amefundishwa asione.

Laiti mtumishi huyo angepita kilabu kimoja baada ya kingine, jioni baada ya kazi, kwa nia ya kujua kinachofanyika humo! Angekuta ufundi usiopungua ule wa kiwanda. Ndizi za pombe zilizokomaa hufukiwa shimoni na kufunikwa kwa majani ya mgomba, zikapata joto kwa siku kadhaa mpaka zikaiva kwa pamoja. Kisha humenywa na kukamuliwa kwa nyasi, maji yake yakachujwa, yakaongezwa maji safi kwa kiasi anachokijua mpishi, yakatiwa unga wa mtama uliokaangwa, na kuachwa katika mtumbwi wa mti au pipa yachachuke. Majirani zetu wa Rwanda huiita urwagwa, na wale wa Burundi huiita urwarwa. Anayeipika hana kipimajoto wala maabara. Hujua kwa harufu, kwa povu, kwa sauti ya mchachuko na kwa ulimi kwamba leo bado, kesho tayari, keshokutwa itakuwa kali kupita kiasi. Elimu hiyo hakuipata chuoni. Aliipata kwa mama yake, naye kwa mama yake, na hakuna mwalimu hata mmoja kati yetu anayeweza kuitahini.

Tena pombe hii haiwezi kusafiri mbali. Baada ya siku chache huwa siki. Kwa sababu hiyo mpishi na mnywaji ni lazima wawe majirani. Anayeuza pombe mbaya leo hana pa kujificha kesho: wateja wake wanaijua nyumba yake, shamba lake na watoto wake. Bia ya chupa hudhaminiwa na nembo; pombe ya kilabu hudhaminiwa na jina la mama aliyeipika. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hatujapata kusikia tangazo la redio la kilabu cha Makere, na bado kila jioni mabao yake yamejaa watu.

Ajabu ni kwamba jambo hili tunalolidharau sisi, wenzetu matajiri wanalitafuta kwa gharama kubwa. Huko Marekani, viwanda vikubwa vilimeza vidogo mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970 vikabaki pungufu ya 100 katika nchi nzima. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyomruhusu raia kupika bia nyumbani kwa matumizi yake. Wengi wa waliojifunza majumbani wakaja kufungua viwanda vidogo vya mitaani, na leo nchi hiyo ina viwanda vya bia zaidi ya 9,000, vingi vyao vikiwa na chumba cha kunywea hapo hapo, hatua chache kutoka kwenye mapipa. Siku ya mapumziko watu wa Chicago au Portland hutoka kundi zima kuvizungukia: wanaonja hapa, wanalinganisha na kule, wanamwuliza mpishi ametumia nafaka gani. Nao Wabelgiji, waliotawala Burundi mpaka mwaka 1962, waliupeleka utamaduni wao wa bia mbele ya UNESCO, na mwaka 2016 ukaandikwa katika orodha ya urithi wa binadamu. Sisi wa upande huu wa mpaka tuna pombe, tuna mpishi na tuna ujirani. Tunachokosa ni macho ya kuviheshimu. Je, tungoje mtalii aje Makere kutuambia kwamba hiki tulicho nacho ni kitu?

Kasumba hii ina asili yake. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, na ule wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919, ilizuia pombe kali zisiletwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Watawala walisema wanamlinda Mwafrika, lakini wao wenyewe waliendelea kunywa pombe hizo hizo katika klabu zao. Pombe ikagawanywa kwa rangi ya ngozi. Katika mji wa Durban, mwaka 1909, baraza la mji lilijitwalia haki ya kuwa mpishi pekee wa pombe ya Waafrika, na faida ikatumika kulipia utawala uliowabana Waafrika wenyewe. Mapema katika miaka ya 1920 Nairobi nayo ikaiga, na mwanamke aliyepika nyumbani akageuzwa kuwa mhalifu katika mji wake. Somo lilikuwa moja kila mahali: pombe anayoipika Mwafrika ni uchafu, mpaka mkubwa atakapopata faida kwayo. Ukoloni umekwenda, somo limebaki vichwani mwa wasomi.

Nchi ya Buha inapaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Wakoloni hawakuifanya kuwa nchi ya mazao ya biashara. Waliifanya kuwa ghala la vibarua. Vijana wa Kasulu na Kibondo walikwenda kukata mkonge huko Tanga ili wapate fedha ya kodi, na mwanamke akabaki na watoto, jembe na migomba. Kila senti anayoipata mama kijijini mwake, bila ya mtu wa nyumba yake kulazimika kuuza nguvu zake mbali, ni hatua ya kujitegemea. Anayemwaga mtungi wake bila sababu ya haki anamrudisha nyuma kwa hatua hiyo.

Wako watakaosema kwamba pombe ni pombe, na kwamba kuitetea ni kutetea ulevi. La hasha! Mume anayekunywa ada ya mwanawe ni adui wa nyumba yake, awe amekunywa ya ndizi au ya chupa. Mwalimu anayeingia darasani akinuka pombe asubuhi hastahili kushika chaki. Msomaji ambaye dini yake inamkataza kunywa hatumwombi anywe. Tunamwomba ahukumu kwa haki, kwani mtu anaweza kuichukia pombe na bado akakataa mjane aonewe.

Wako pia watakaosema kwamba kinywaji cha kiwandani ni salama kwa kuwa kina nembo na kodi yake imelipwa. Je, viroba havikuwa na nembo? Viroba vilitoka viwandani, vikauzwa kwa bei ya pipi, vikaingia katika mifuko ya sare za wanafunzi, mpaka serikali ikavipiga marufuku kuanzia Machi 1, mwaka 2017. Nembo haikumwokoa mtoto. Tena pombe ya ndizi isichanganywe na gongo. Gongo hukenekwa, na sheria yake ni nyingine kabisa: tangu mwaka 1966 kuitengeneza bila leseni ni kosa. Pombe za kienyeji zisizokenekwa zinatambuliwa na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, ambayo imeweka utaratibu wa leseni na saa za kuuza. Mgambo anayepiga teke mtungi wa ndizi akidai anatafuta gongo hatekelezi sheria. Anaivunja kwa kiatu.

Hata hivyo, tusijidanganye. Hatari ipo, na anayekipenda kilabu ndiye anayepaswa kuitaja kwanza. Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya nafaka msibani. Haikuwa gongo. Uvumi ukaenea kwamba imetiwa nyongo ya mamba. Maabara ilipochunguza, ilionekana kuwa chanzo ni unga wa mahindi ulioharibika, ukaota vijidudu vyenye kutoa sumu. Hakuna aliyekusudia kuua. Ulikosekana ujuzi mmoja tu: kwamba unga uliolowa na kuvunda haufai kupikiwa pombe. Ujuzi huo bibi afya angeweza kuufundisha asubuhi moja chini ya mwembe.

Wanaodhani kwamba dawa ni kufunga tu, na watazame kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 1980 sheria ilitungwa kuipiga marufuku chang'aa. Chang'aa haikwisha, ilihamia gizani. Novemba 2000 watu zaidi ya 130 walikufa jijini Nairobi kwa pombe ya magendo iliyotiwa methanoli, yaani spiriti isiyofaa kunywewa. Mwaka 2010 Bunge likaifuta marufuku ile na kuleta sheria ya leseni, lakini mwaka 2014 makumi ya watu walikufa tena kwa sumu hiyo hiyo. Funzo ni la pande mbili: marufuku bila ukaguzi huficha sumu, na leseni bila ukaguzi ni karatasi. Kinachookoa maisha ni mtu anayefika, anayetazama, anayefundisha na anayerudi tena.

Basi nini kifanyike? Kwanza, ushuru wa kilabu urudi kilabuni. Haiwezekani halmashauri ikusanye ada ya leseni, kisha imlaumu mama kwa kukosa choo na maji. Fedha yake ianze kwa kisima na choo, ndipo lawama ifuate. Pili, bwana afya aende vilabuni kama mwalimu kabla hajaenda kama askari: aonyeshe jinsi ya kukausha na kuhifadhi unga, kuchemsha maji, na kutotumia kamwe pipa lililowahi kubeba dawa za mashamba. Tatu, saa za sheria zifuatwe bila upendeleo. Kilabu kikifungwa mchana kwa kuwa ni saa ya kazi, na baa ya mtumishi ifungwe mchana huo huo. Nne, mtoto asiuziwe wala asitumwe kuuza. Mwalimu mkuu na mtendaji wa kijiji wanalimudu jambo hilo bila kungoja waraka kutoka wilayani.

Tano, na hili ndilo kubwa, mpishi ahesabiwe kuwa mzalishaji. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha wapishi wa pombe ya ndizi kikiomba mashine ya kukamulia na mapipa ya chuma kisichoshika kutu, kisijibiwe kwa kicheko. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, haikuundwa kwa ajili ya wenye suti. Arusha tayari hutengenezwa mvinyo wa ndizi unaouzwa kwa chupa madukani. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba ndizi ya Tanzania haifai kuwa kiwanda. Lakini wapishi wa Makere wasilazimishwe kuiga chupa. Na waachwe wawe kile walicho, kiwanda cha jirani kwa jirani, ila kiwe safi, chenye kipimo cha haki na chenye maji ya kunawa.

Sisi watumishi na walimu tuna wajibu wa pekee katika shauri hili, kwa sababu sisi ndio tunaoandika taarifa. Neno "uchafu" tukiliandika katika taarifa ya kata, kesho linakuwa amri, na keshokutwa mtungi unamwagwa. Tuandike tulichokiona wala si tulichorithi. Tuhesabu ni watoto wangapi katika madarasa yetu wanavaa sare iliyonunuliwa kwa pombe ya mama. Tukishajua hesabu hiyo, tuone kama tutathubutu tena kuita kilabu mahali pa wavivu.

Mwacha asili ni mtumwa. Taifa linaloagiza kimea kutoka ng'ambo na kumcheka mwanamke anayegeuza ndizi ya shamba lake kuwa kinywaji na kinywaji kuwa ada ya shule halijamaliza kujitawala. Mama wa Makere haombi sifa wala msaada. Anadai maji safi, leseni ya haki, na afisa atakayeingia kilabuni mwake kwa hodi badala ya kuingia kwa teke. Hayo yako ndani ya uwezo wetu, na hatuna udhuru wa kumnyima.