UONGO WA MADHABAHUNI KUHUSU KUPANGA UZAZI

 

Neno la leo si tamu. Wengine mtakasirika, na wengine mtaniombea nibadilike. Sawa. Lakini kuna jambo linahubiriwa kwetu, kutoka Kiminini hadi Kamukuywa, kutoka Chwele hadi Webuye, na mimi nasema ni DHAMBI. Sisemi kupanga uzazi ni dhambi. Nasema UONGO unaohubiriwa kuhusu kupanga uzazi ndio dhambi.

Mhubiri anashika maikrofoni kwenye krusedi. Anawaambia akina mama kwamba kipandikizi cha mkono ni alama ya mnyama. Kwamba koili inapanda hadi kwenye moyo. Kwamba sindano inakausha kizazi kabisa. Watu wanapiga makofi na kusema Amina. Kisha mama wa watoto sita anarudi nyumbani na hofu, anatafuta mtu wa mtaani amtoe Jadelle kwa wembe. Mkono ukioza, mhubiri ameshahamia mji mwingine. Nani atajibu mbele za Mungu?

Kutoka 20 inakataza ushuhuda wa uongo. Haikuweka nafasi ya pembeni kwa mtumishi mwenye nia nzuri. Ukitaka kutetea baraka ya watoto, itetee kwa KWELI.

Wanatuletea Onani wa Mwanzo 38. Someni sura nzima, wapendwa, si mstari mmoja. Onani alikuwa na wajibu wa kumpa marehemu ndugu yake mrithi kupitia mjane wake. Alimtumia yule mama, akakataa wajibu. Kosa lake lilikuwa kumdhulumu mjane. Leo mwanamume anayemzalisha mkewe kila mwaka na hajui bei ya unga, huyo na Onani ni nani aliye karibu na dhulma?

Wanatuletea Zaburi 127, kwamba watoto ni kama silaha za askari. Amina! Lakini askari mwenye akili hunoa kila mshale. Na 1 Timotheo 5:8 inamhesabu asiyetunza watu wa nyumba yake kuwa mbaya kuliko asiyeamini. Hilo halihubiriwi kwenye krusedi.

Sisi watu wa Trans Nzoia tunajua kulima. Mkulima wa Kwanza au Endebess hamwagi mahindi yote kwenye shimo moja. Anaacha sentimita 75 kati ya mstari na mstari. Je, ni kwa sababu anachukia mahindi? La! Anataka kila mmea ubebe. Shirika la Afya Duniani linashauri mama akishajifungua asubiri angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine. Ni nafasi ya mwili kujenga damu na mtoto kunyonya ashibe. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kenya inapoteza akina mama 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Hao ni akina mama tunaowazika tukisema Bwana alitoa, Bwana ametwaa.

SASA TUSEME UKWELI KUHUSU NJIA ZENYEWE.

Sindano na kipandikizi hutumia homoni. Homoni hiyo huzuia yai lisitoke, na hufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito ili mbegu za mume zisipite. Depo huchomwa kila baada ya miezi mitatu. Vijiti viwili vya Jadelle hukaa chini ya ngozi ya mkono miaka mitano, na unaweza kuvigusa kwa kidole. Koili ya shaba huwekwa ndani ya kizazi na kudumu miaka kumi au zaidi. Kazi yake kuu ni kulemaza mbegu kabla hazijafika kwenye yai. Kwa hiyo anayesema kila njia ni kutoa mimba anasema asichokijua. Mimi napinga kutoa mimba, mnanijua. Ndiyo maana siwezi kumwita muuaji dada ambaye hajaua.

Lakini sikilizeni, sitawapaka mafuta kwa upande mwingine pia. Njia hizi zina MADHARA, na mama ana haki ya kuambiwa kabla hajainua mkono wa nguo.

Depo inaweza kuvuruga hedhi na kuongeza uzito. Hupunguza uimara wa mifupa kwa kiasi, ingawa sehemu kubwa hurudi ukiacha. Ukishaacha, mimba inaweza kuchelewa miezi tisa, kumi au zaidi tangu sindano ya mwisho. Huko ni kuchelewa, kizazi hakijakauka. Kipandikizi huleta matone ya damu yasiyo na ratiba, na kikiwekwa ndani mno na mkono usiojua, kukitoa ni shida. Koili inaweza kuongeza damu na maumivu ya mwezi. Mara chache hutoka yenyewe, na mara chache zaidi hutoboa kizazi. Vidonge vyenye estrojeni havimfai mama mwenye presha ya juu, aliyewahi kuganda damu kwenye mshipa, au aliyejifungua juzi na ananyonyesha. Na dada unayemeza dawa za TB au baadhi ya ARV kama efavirenzi, mwambie muuguzi, kwa maana zinaweza kupunguza nguvu ya kipandikizi. Wengine wamepata mimba na kijiti kiko mkononi.

Na kati ya njia hizo zote, ni kondomu pekee inayokinga virusi vya UKIMWI. Kulikuwa na hofu kwamba Depo inaongeza maambukizi. Utafiti wa wanawake zaidi ya 7,800 wa Kenya, Afrika Kusini, Zambia na Eswatini, uliotangazwa mwaka 2019 na ambao Kisumu ilikuwa sehemu yake, ulilinganisha Depo, koili ya shaba na Jadelle, usione tofauti kubwa. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyo ngao.

Kwa hiyo nesi anayemwambia mama "utazoea tu" na kukataa kumtoa kijiti kinachomsumbua, huyo naye namkemea. Mama ana haki ya kuitoa siku anayotaka, na mikono safi ya kumtoa. Dharau ya kliniki ndiyo inayowarudisha watu kwa wenye wembe.

"Mchungaji, huo ni mpango wa wazungu wa kutumaliza!" Mpendwa, Kenya ilianza mpango wa taifa wa kupanga uzazi mwaka 1967. Sensa ya 1969 ilihesabu watu karibu milioni 11. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya milioni 47. Kama huo ulikuwa mpango wa kutumaliza, umeshindwa vibaya sana! Kilichobadilika ni kwamba mama wa Kenya wa miaka ya sabini alizaa watoto wapatao wanane, na mwaka 2022 hesabu ilikuwa 3.4. Mabinti wa hao akina mama waliamua wenyewe.

WANAUME, sasa nageuka kwenu. Mkeo anachoma sindano kwa siri na kuficha kadi ya kliniki kwenye mkebe wa unga. Wewe unasema ni mwasi. Mimi nauliza, ni lini uliketi naye mkaongea? Luka 14 inafundisha kwamba anayejenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Hesabu karo. Hesabu shamba, robo ekari uliyopewa na mzee utawagawia wangapi? Mshike mkono mwende kliniki pamoja. Na ujue kuna kufunga mirija ya mwanamume. Ni upasuaji mdogo, na huko si kuhasiwa, nguvu zako zinabaki. Lakini ni njia ya kudumu, na mnasubiri miezi mitatu na kipimo kabla ya kuitegemea. Kwa nini mzigo wote uwe mwilini mwa mama?

VIJANA, msimamo wangu kuhusu usafi kabla ya ndoa haujabadilika. Na P2 si peremende. Ni ya dharura, ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Huchelewesha yai kutoka. Mimba ikishaingia haiitoi. Haikingi UKIMWI wala kaswende. Binti anayeinunua kwenye duka la dawa kila wikendi anahitaji mtu wa kuongea naye, si mtu wa kumtangaza kanisani.

Watumishi wenzangu, tumeona Shakahola mwaka 2023. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni, ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa. Uongo wa madhabahuni unaua. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alitembea naye bila kumwambia atupe dawa. Kama hujui koili inavyofanya kazi, nyamaza, au mwite muuguzi aliyeokoka aseme baada ya ibada. Kuzaa wangapi na lini ni jambo la mume na mke mbele za Mungu. Kazi yetu ni kuwapa Neno na kweli, kisha tuwaache waombe na waamue.

TUOMBE: Baba, waponye akina mama walioumizwa na hofu. Wape waume masikio. Safisha midomo yetu sisi tunaosimama madhabahuni. Katika jina la Yesu.

Andika AMINA 🙏 kisha umtumie mumeo au mkeo, mwisome pamoja usiku wa leo.