Kumbukumbu za nyumba nzima haziwezi kulala ndani ya simu moja

ASUBUHI ya Jumatatu moja mwezi uliopita nilimkuta jirani yangu ameketi kando ya barabara, hatua chache kutoka mpaka mdogo wa Gisenyi na Goma, ule tunaouita Petite Barrière. Ni mama anayevusha karoti na vitunguu kila siku ya Mungu. Simu yake ilikuwa imechomolewa katika msongamano. Kwa ujinga wangu nikamwambia, "Pole mama, simu si kitu, utanunua nyingine." Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtoto. "Mzee wangu, siililii simu. Nalilia daftari."

Daftari lake la karatasi lilinyeshewa na mvua likaharibika, na tangu hapo akawa anaandika madeni ya wateja kwenye simu: nani kachukua magunia mangapi, kalipa nini, kwa faranga za Rwanda, za Kongo au kwa dola. Humo humo kulikuwa na picha za kitambulisho, vyeti vya watoto na picha za marehemu mumewe. Alipovuka kudai, alikwenda na maneno matupu. Wateja wawili walikiri na kulipa. Waliobaki walimuuliza maandishi yako wapi.

Ndugu msomaji, sisi tulioishi ng'ambo tukarudi, na sisi tunaoishi kwa kuvuka mpaka, ndio watu wenye kumbukumbu nyingi kuliko wengine na ndio tunaozitunza vibaya kuliko wengine. Nasema hivyo nikianza na mimi mwenyewe.

Marehemu baba yangu, tulipokuwa Karagwe, alikuwa na tabia ya kurekodi barua kwenye kaseti. Alikaa na redio yake usiku, akabonyeza kitufe, akazungumza na ndugu waliokuwa mbali: majina ya milima waliyotoka, nani alimwoa nani, ng'ombe wa ukoo walikuwa wa rangi gani. Tuliporudi nchini mwaka 1995 zile kaseti tulizibeba kwenye gunia la nguo. Mwaka 2014 nilizihamishia kwenye kompyuta, kisha kwenye diski ya nje, nikajiona nimemaliza kazi. Kaseti zenyewe nikamwachia mtoto azichezee. Mwaka 2019 diski ilianguka kutoka mezani. Ikawa inalia tik-tik-tik tu. Fundi mmoja wa mjini, ambaye sitamtaja, aliifungua kwa bisibisi juu ya meza yenye vumbi la barabarani, na baada ya hapo hata ile tik-tik ilinyamaza.

Kilichobaki cha sauti ya baba ni dakika kumi na moja. Zilibaki kwa sababu niliwahi kumtumia dada yangu aliye Mwanza kipande kimoja kwenye simu, naye akakihifadhi.

Kwa hiyo pendekezo langu leo ni kwamba kila nyumba inayomudu, au nyumba mbili tatu zikichanga, iwe na seva yake ndogo. Neno linatisha lakini kitu chenyewe hakitishi. Ni kompyuta iliyotumika, mojawapo ya zile za ofisini zinazouzwa madukani, inayowekwa pembeni karibu na ruta ikiwa na diski mbili ndani. Simu za nyumbani zikiingia kwenye waifai ya nyumba, zinamwaga picha na maandishi yao humo. Televisheni ya sebuleni nayo inavuta nyimbo na filamu kutoka humo humo. Kazi hiyo yote inafanyika ndani ya nyumba, bila kula hata megabaiti moja ya bando. Programu zake nyingi ni za bure: OpenMediaVault ya kuendesha mashine, Syncthing ya kuhamisha mafaili kutoka simu, Jellyfin ya kuonyesha filamu na kupiga muziki. Kijana yeyote aliyesoma kompyuta kidogo anaweza kuziweka kwa siku moja.

Kosa ninaloliona kwa wengi wanaojaribu ni kuanza na swali la ukubwa. Wanaingia dukani kuuliza diski ya terabaiti ngapi. Swali la kwanza lilipaswa kuulizwa nyumbani: kipi kikipotea hakipatikani tena? Filamu za agasobanuye wanazozipenda wanangu zikipotea leo, kesho zinapatikana sokoni. Video ya harusi ya Bukavu ya mwaka 1991 haipatikani. Cheti cha shule kilichotolewa Ngara au Masisi, hati ya kiwanja, daftari la madeni, sauti ya bibi: hivyo ndivyo vya kulindwa, na mara nyingi ni vyepesi. Picha moja ya simu ina megabaiti tatu au nne. Picha elfu kumi ni gigabaiti arobaini hivi. Maktaba ya filamu ndiyo inayokula terabaiti, nayo haihitaji nakala ya akiba hata moja. Ukigawa hivyo unagundua kwamba kinachohitaji nakala tatu kinaenea kwenye diski ndogo, na pesa uliyotaka kununulia diski moja kubwa inatosha kununua tatu za wastani.

Sizidharau filamu, hata hivyo. Bila filamu, nyumbani kwangu wangeichomoa ile mashine wiki ya kwanza kwa kisingizio cha umeme. Watoto wakishaitegemea, wao ndio walinzi wake.

Hapo kwenye kanda za zamani nataka niseme zaidi, maana muda unatukimbia. Wenzetu wengi waliorudi wana kanda za VHS kwenye masanduku, na hawana deki ya kuzichezea. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki hizo, ilisimamisha kazi mwaka 2016. Zilizopo zinazeeka, na kanda zenyewe zikikaa kwenye unyevu huota ukungu. Ukipata deki nzima, tafuta kile kifaa kidogo cha kuiunganisha na kompyuta, kisha cheza kanda mwanzo hadi mwisho. Hakuna njia ya mkato: kanda ya saa tatu itakula saa tatu. Saa moja iliyohamishwa kwa ubora wa DVD huchukua gigabaiti mbili hivi, kwa hiyo nafasi haipaswi kuwa kisingizio. Kaseti za sauti ni rahisi zaidi, waya mmoja tu kutoka redio hadi kompyuta. Na ukishahamisha, usimpe mtoto kanda. Mimi nilimpa.

Sasa nije kwenye diski mbili. Wauzaji hupenda kusema kwamba ukiweka diski pacha, kila kinachoandikwa kwenye moja kikaandikwa na kwenye nyingine, uko salama. Wanasema nusu ya kweli. Diski pacha hukusaidia moja ikifa: mashine inaendelea na kazi, unanunua nyingine. Lakini mtoto akifuta folda, inafutwa kwenye zote mbili sekunde ile ile. Kirusi kikiingia, kinaingia zote mbili. Radi ikipita kwenye waya inaziunguza pamoja, na mwizi akibeba kasha amebeba zote. Diski pacha ni tairi la akiba, nalo hulibeba gari lile lile. Wataalamu wa kutunza picha wana kanuni yao: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ilale mahali pengine.

Mahali pengine wapi? Hili sisi wa mpakani tungepaswa kulielewa kuliko mtu mwingine yeyote. Januari 2002 uji wa moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma hadi ziwani. Mei 22, 2021 mlima ukalipuka tena, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba hadi huku Gisenyi. Mei 2023 mto Sebeya ulifurika usiku, ukaingia majumbani watu wamelala. Januari 2025 vita vilifika Goma, na watu walivuka kwetu na walichoweza kushika mkononi. Na wale waliofukuzwa Kagera mwaka 2013 hawajasahau walikuwa na muda gani wa kukusanya karatasi zao. Nakala iliyo chumba cha pili haikusaidii katika hayo yote. Hakuna mfanyabiashara wa hapa anayepakia mtaji wake wote kwenye gari moja, lakini kumbukumbu zote za ukoo tunazipakia kwenye kasha moja na kulala usingizi.

Tuna utajiri mmoja ambao watu wa miji mingine hawana: ndugu pande zote. Huyu ana shemeji Kabale, yule ana kaka Kahama, mwingine ana mtoto Kigali. Diski ya tatu, ndogo ya kuingia mfukoni, ikae huko. Mara mbili kwa mwaka, mtu akisafiri, inakwenda iliyosasishwa na inarudi ya zamani. Iwe imefungwa kwa nywila kabla haijaingia kwenye basi, kwa kuwa ndani yake kuna vitambulisho na hati za watu. Nywila hiyo iandikwe kwenye karatasi na ijulikane na watu wawili. Nimeona familia ambayo marehemu aliacha diski nzima, yenye afya, na hakuna aliyejua neno la kuifungulia.

Wapo watakaoniambia, mzee, mambo hayo yamepitwa na wakati, kila kitu sasa kinawekwa huko juu mtandaoni. Sipingani nao kabisa, ni nakala moja nzuri. Ila nina mashaka matatu. La kwanza ni kasi: kwa laini inayopandisha megabiti tano kwa sekunde, gigabaiti mia moja zinahitaji saa arobaini na nne mfululizo, na bando nani analipa? La pili ni kwamba ile nafasi ya bure ya Google ni gigabaiti 15, na tangu Juni 2021 picha nazo zinahesabiwa humo. Ukijaza, unalipa kila mwezi, na wengi wetu hatuna kadi ya benki inayokubaliwa. La tatu ndilo linalotuhusu sisi hasa. Akaunti ile umeifungua kwa namba ya simu. Umerudi kutoka Tanzania au Uganda, laini ya zamani umeitupa, namba imepewa mtu mwingine. Siku simu yako ikipotea na ukitaka kuingia kwenye akaunti kwa simu mpya, tarakimu za uthibitisho zinatumwa kwa namba ambayo si yako tena. Najua watu waliofungiwa nje ya picha zao wenyewe kwa njia hiyo. Na akaunti ya Google isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa, ndivyo kanuni zao zinavyosema tangu 2023. Kabla hujalala leo, angalia akaunti yako ina namba gani.

Neno kwa wanunuzi. Sokoni kuna flashi na diski za nje zinazouzwa kwa bei ya kuchekesha, zimeandikwa terabaiti mbili, na ndani mna kumbukumbu ya gigabaiti 32. Kidude kimechezewa kiidanganye kompyuta. Utajaza mafaili, utayaona majina yake yote, lakini yaliyozidi hayamo. Programu ya bure iitwayo H2testw huandika kwenye kifaa mpaka kijae kisha hukisoma chote tena kuhakiki. Inachukua saa nyingi. Ifanye kabla ya kuweka picha ya kwanza, wakati muuzaji bado anakukumbuka.

Umeme nao una hesabu yake. Kompyuta kubwa ya zamani inayokula wati 60 usiku na mchana itamaliza uniti 43 hivi kwa mwezi. Ile ndogo ya ofisini inayotulia kwenye wati 20 itakula 14 au 15. Tofauti hiyo kwa mwaka inaweza kulipia sehemu nzuri ya diski, kwa hiyo ya bure uliyopewa na shemeji huenda ndiyo ghali. Unahitaji pia kisanduku cha betri, UPS, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika ndipo mafaili huharibika.

Nilizungumza na akina mama wa ushirika mmoja wa wavushaji kuhusu kuchanga mashine moja kwa ajili ya madaftari yao, kila mmoja akiwa na folda yake na nywila yake. Walisikiliza hadi mwisho. Kisha mmoja akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: funguo za chumba itakamokaa atashika nani? Bado tunalijadili.

Jirani yangu wa karoti amekwisha pata simu mpya. Jumamosi mwanawe alikuja nayo kwangu, tukaiunganisha na mashine, tukangoja. Picha ya kwanza kuingia ilikuwa ya ukurasa wa daftari jipya, umeandikwa kwa kalamu nyekundu majina ya wale wateja wawili waliolipa.