Barua mbili chini ya mkebe wa sukari

Mhariri,

KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, ilimpeleka binti yangu Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kusomea udaktari. Kisha ombi lake la kuhamia Chuo Kikuu cha Kisii likakubaliwa. Sasa barua zote mbili zimelala chini ya mkebe wa sukari, na siku zinayoyoma.

Majirani hapa Nyamira wanasema Eldoret, eti jina. Mimi nasema Kisii, na si kwa ajili ya nauli tu, ingawa miaka 6 ya masomo ni mingi kwa bonasi ya majani chai. Huko wodini atakutana na akina nyanya wa Keroka wanaoeleza maumivu yao kwa Ekegusii. Binti mwenyewe sasa anataka Eldoret. Madaktari mnaosoma gazeti hili, nyinyi mliamuaje?

Mzazi,
Nyamira