Kituo cha Wengi Kisikopeshe Wakubwa

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi wananchi wa Tanzania husikiliza bei kikomo za mafuta zinazotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA. Dereva wa lori husikiliza, kijana wa bodaboda husikiliza, na hata mama anayenunua nyanya sokoni, ambaye hana chombo chochote cha moto, husikiliza pia, maana ajua kwamba nauli na bei ya nyanya hufuata nyuma ya bei ya dizeli. Na kila bei ipandapo, swali lile lile huulizwa katika matawi yetu na mahali pa kazi: Je, faida ya biashara hii itakuwa ya wenye mitaji mikubwa peke yao hadi lini? Kwa nini chama cha ushirika, au chama cha wafanyakazi, au tawi lenye kiwanja kizuri kando ya barabara kuu, kisiwe na kituo chake cha mafuta?

Swali hilo ni la haki, nasi twaliunga mkono. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyataja mafuta miongoni mwa njia kuu za uchumi zilizopasa kuwa chini ya umma. Mengi yamebadilika tangu siku zile, na leo vituo vingi vya mafuta ni mali ya watu binafsi na makampuni. Lakini wazo kwamba wanyonge wengi waweza kuunganisha nguvu zao na kumiliki kitu chenye faida halijafa, wala halipasi kufa. Kiwanja cha wengi kinapokodishwa kwa bei ya kutupa, huku mpangaji akivuna mwaka hadi mwaka, aibu si ya mpangaji. Ni ya wenye kiwanja.

Hata hivyo, wajibu wetu ni kusema kweli, hata pale ambapo kweli haipendezi. Kumiliki ni jambo moja na kuendesha ni jambo jingine. Wazee wetu wanaikumbuka Operesheni Maduka ya mwaka 1976, wakati maduka ya watu binafsi yalipofungwa kwa haraka ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Mengi ya maduka hayo mapya hayakuwa na bidhaa za kutosha, wala watu waliofundishwa kutunza hesabu, na aliyeumia ni mwananchi yule yule aliyekusudiwa kusaidiwa. Kosa halikuwa katika kumiliki pamoja. Kosa lilikuwa kudhani kwamba nia njema yaweza kukaa mahali pa daftari. Hatutaki kosa hilo lirudiwe penye pampu ya petroli, ambako adhabu yake huja upesi zaidi.

Watu wengi huona fedha nyingi zikipita mikononi mwa mhudumu wa kituo, wakadhani kwamba fedha hizo zote ni faida. Si kweli. Tutoe mfano wa hesabu tu, bila kusema kwamba ndiyo bei ya leo. Tuseme kituo hununua petroli kwa shilingi 2,900 kila lita na kuiuza kwa shilingi 3,000. Kituo hicho kikiuza lita 5,000 kwa siku, shilingi milioni 15 zitapita kwenye droo, lakini zitakazobaki ni shilingi 500,000. Katika hizo hapana budi kulipa mishahara, umeme, walinzi, kodi, matengenezo ya pampu, na riba ya benki kama mtaji ulikopwa. Na mtaji wenyewe si mdogo: shehena moja ya lita 30,000 itahitaji shilingi milioni 87, kabla ya kuuza hata lita moja.

Sasa tuitazame hesabu hiyo hiyo kwa upande wa pili. Lita moja ikipotea, kwa wizi au kwa uzembe, kituo kimepoteza shilingi 2,900. Ili kuzirudisha, hapana budi kuuza lita 29 nyingine bila kupata kitu. Lita 20 zikipotea kila siku, faida ya lita 580 imeliwa kila siku, na mwisho wa mwezi shilingi 1,740,000 hazionekani. Wala mwenye kituo hawezi kujifidia kwa kupandisha bei apendavyo, kwa kuwa bei ina kikomo kilichowekwa kwa mujibu wa sheria. Mwenye kibanda cha mahindi akiibiwa leo, kesho huongeza bei. Mwenye kituo cha mafuta hana njia hiyo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenye tundu hakijai kamwe.

Matundu hayo yako wapi? Liko la kwanza ambalo si la mtu bali la maumbile. Petroli hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi. Kwa kila nyuzi moja ya joto inayoshuka, katika kila lita 1,000 hupungua karibu lita moja. Lori likipakia lita 30,000 wakati wa jua kali, na mafuta hayo yakapoa kwa nyuzi tano ndani ya tangi lililofukiwa ardhini, karibu lita 150 zitaonekana zimepungua ingawa hakuna aliyeiba. Meneja asiyelijua jambo hili ataanza kuwashuku watu wasio na hatia. Meneja anayelijua lakini asiyepima ataibiwa lita 300 na kuambiwa kwamba ni baridi. Kwa hiyo kijiti cha kupimia ndicho mlinzi wa kwanza wa kituo. Tangi lipimwe asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, lipimwe kabla ya lori kushusha na baada ya kushusha. Lakiri za lori zitazamwe mbele ya mashahidi, na dawa ya kuonyesha maji ipakwe kwenye kijiti, kwani maji hukaa chini ya petroli na mteja ndiye atakayeyagundua injini yake ikizimika njiani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tundu la pili ndilo kubwa kuliko yote, nalo ndilo lililotufanya tuandike leo. Tundu hilo ni neno moja: «Andika.» Motokaa ya mkubwa hufika kituoni, dereva hafungui pochi, bali husema, «Andika, mzee atalipa.» Kesho huja motokaa ya mjumbe wa kamati, naye huandikiwa. Keshokutwa huja ya rafiki wa mjumbe. Mhudumu, ambaye ni binti wa miaka 22 mwenye kazi ya mkataba, atamkataliaje mtu anayeketi katika kikao kinachoweza kumfukuza kazi? Basi huandika. Vyeti hujaa kwenye sanduku, mafuta huisha kwenye tangi, na siku ya kununua shehena nyingine fedha hazipo. Mfanyabiashara binafsi hukataa kukopesha kwa sababu mali ni yake na uchungu ni wake. Mali ya wengi huonekana kama haina mwenyewe, na kila mwenye cheo hujiona kuwa ndiye mwenyewe.

Twasema wazi kwamba kiongozi anayejaziwa mafuta asiyoyalipia katika kituo cha wanachama ni mnyonyaji, hata kama ndiye anayehutubia vizuri kuliko wote juu ya unyonyaji. Kupe habadiliki jina kwa sababu amevaa sare. Tena afadhali bepari, ambaye angalau hajifichi.

Ubaya wa tundu hilo huzaa ubaya mwingine. Kituo kilichokwisha kuliwa na vyeti, kisichoweza kupandisha bei kupita kikomo, hushawishika kumwibia mteja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mgema mwenye madeni hulitia maji hata bila kusifiwa. Huko nyuma wako waliochanganya dizeli na mafuta ya taa, kwa kuwa ushuru wa mafuta ya taa ulikuwa mdogo mno. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru huo hadi kukaribia ule wa dizeli ili kuondoa tamaa hiyo. Waliochanganya walikuwa wachache, lakini waliolipa walikuwa wote waliowasha koroboi usiku. Leo mafuta ya soko la nchini hutiwa vinasaba ili yatambulike, na Wakala wa Vipimo hupima pampu na kuzifunga lakiri. Hayo ni mema, lakini kituo cha wanachama kisingoje mkaguzi. Ndoo ya kipimo ya lita 20 iwekwe mahali pa wazi, na mteja yeyote mwenye shaka apimiwe mbele ya macho yake. Uaminifu huo ndio tangazo la bei rahisi kuliko yote, kwani madereva huambiana, na kituo chenye kipimo cha haki hakikosi foleni.

Tusisahau wale wanaosimama kwenye pampu. Wahudumu hawa huvuta mvuke wa petroli kutwa nzima, hulinda fedha za watu usiku, na mara nyingi ndio wanaolipishwa upungufu ambao hawakuufanya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kumkata mfanyakazi fidia ya upotevu bila kwanza kumpa nafasi ya kutosha ya kujieleza. Itakuwa fedheha kubwa ikiwa kituo cha ushirika au cha chama cha wafanyakazi kitavunja sheria ambayo wafanyakazi wenyewe huitetea. Mhudumu apewe mkataba, apewe mafunzo ya kuzima moto, na awe na haki ya kusema «hapana» kwa mtu yeyote asiye na fedha mkononi, awe nani.

Kuna wanaouliza: ikiwa faida ni nyembamba hivyo, tuna haja gani na biashara hii? Jibu letu ni kwamba faida nyembamba yenye wateja wa kila siku ni faida ya kweli, na tena kuna faida isiyoandikwa kwenye daftari. Mwezi Agosti mwaka 2011, EWURA iliposhusha bei, baadhi ya makampuni yaliacha kuuza mafuta na nchi ikatikisika. Mwaka 2023 vituo kadhaa vilifungiwa kwa kosa la kuhodhi mafuta huku wananchi wakihangaika kutoka mji hadi mji. Kituo kinachomilikiwa na watumiaji wenyewe hakina sababu ya kuwafichia mafuta wenye mali. Na huko vijijini, ambako petroli bado huuzwa katika chupa na madumu kwa bei ya juu, karibu na moto wa jikoni na watoto wanaocheza, kituo kidogo cha ushirika chaweza kupunguza bei na kuokoa maisha pia. Huko ndiko ushirika utangulie, badala ya kugombania kona za miji ambazo tayari zina vituo vinne.

Basi, twatoa shauri kwa kila chama na kila tawi lenye nia hiyo. Kwanza, asikopeshwe mtu yeyote, na mwenyekiti awe wa kwanza kulipa fedha taslimu mbele ya watu. Pili, meneja aajiriwe kwa ujuzi wake na si kwa undugu, na wajumbe wa kamati wasishike funguo za tangi wala za droo. Tatu, vipimo vya asubuhi na jioni vibandikwe ubaoni kila wiki ili mwanachama wa kawaida avisome. Nne, fedha ya shehena inayofuata itengwe kabla ya kugawana hata shilingi moja. Tano, hesabu zikaguliwe kila mwaka, na kwa vyama vya ushirika lipo shirika la ukaguzi, COASCO, lililoundwa kwa kazi hiyo. Chama kisichoweza kuyakubali masharti haya matano kisijenge kituo. Kipande chake cha ardhi kikodishwe kwa bei ya haki na mkataba ulio wazi, na wanachama wake walale usingizi.

Lakini chama kitakachoyakubali kitaonyesha jambo kubwa kuliko mafuta. Kitaonyesha kwamba watu wa kawaida waweza kumiliki, kupima, kuandika, na kugawana kwa haki, na kwamba kiongozi wao hupanga foleni kwenye pampu kama wao na kulipa kama wao. Siku dereva wa mkubwa atakaposema «Andika,» na mhudumu akamjibu kwa adabu, «Hapa hatuandiki, ndugu,» bila kuogopa kwa ajili ya kazi yake, siku hiyo tutajua kwamba kituo kile ni mali ya wengi kwelikweli.