Sauti ya Mvita: Kituo Kilichounganishwa Bila Kurithiwa

Historia ya Kiswahili nchini Kenya aghalabu husimuliwa kwa kutaja makongamano, kamusi na sera za elimu. Mwanafunzi hufunzwa kwamba Johann Ludwig Krapf aliegemea Kimvita alipokuwa akiandaa kamusi yake, iliyochapishwa mwaka wa 1882. Kwamba Askofu Edward Steere aliegemea Kiunguja. Na kwamba kongamano lililofanyika Mombasa mwaka wa 1928 liliamua Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Baada ya hapo masimulizi hurukia Kamati ya Lugha ya mwaka wa 1930, kisha uhuru, kisha silabasi. Redio haitajwi, au ikitajwa, huchukuliwa kuwa chombo tu cha kueneza yale yaliyokwisha kuamuliwa kwingine.

Masimulizi hayo yana upungufu. Uamuzi wa mwaka wa 1928 uliwahusu waandishi wa vitabu na wakaguzi wa shule. Watu wengi hawakusoma vitabu hivyo. Masikio yao yalizoezwa baadaye, kupitia mawimbi ya redio, na hapo ndipo ilipoamuliwa ni Kiswahili kipi kingechukuliwa kuwa cha kawaida na kipi kingeonekana kigeni. Kisa cha kituo cha Mombasa kilichoitwa Sauti ya Mvita kinadhihirisha jambo hili vyema, na kinastahili nafasi katika mihadhara ya isimujamii na ya fasihi.

Utangazaji wa redio nchini Kenya ulianza mwaka wa 1928 mjini Nairobi, na kwa miaka mingi uliwahudumia walowezi hasa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilianza kuwatangazia Waafrika, nia yake ikiwa kuzifikishia familia za askari habari za vita. Sauti ya Mvita ilichipuka baada ya vita hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1940, na kituo hicho kilikuwa cha mji wenyewe. Kiliwalenga wasikilizaji wa Mombasa na viunga vyake. Kiswahili na Kiarabu zilisikika humo, na nyimbo za taarabu zikapata jukwaa. Jina lenyewe lilikuwa tangazo: Mvita ni jina la kale la Mombasa, na Kimvita ni lahaja ya wenyeji wake, lugha ya Muyaka bin Haji na ya watunzi waliomfuata.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kituo hicho kilikuwa huru. Kilizaliwa chini ya mkoloni na kiliishi kwa idhini yake. Mwaka wa 1952 hali ya hatari ilitangazwa nchini kwa sababu ya vita vya Mau Mau, na mwaka uliofuata ikaundwa huduma maalumu ya matangazo kwa Waafrika. Mwaka wa 1954 redio ya Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, ikishambulia ukoloni bila kificho, na matangazo yake yakanaswa kote mwambaoni. Serikali ilitambua kwamba asiyewatangazia watu wake kwa lugha waipendayo huwaachia wengine masikio yao. Kituo cha Mombasa kilikuwa na manufaa kwake kwa sababu hiyo hiyo.

Kuunganishwa kulikuja hatua kwa hatua. Katika miaka ya 1950 Sauti ya Mvita iliingizwa katika Huduma ya Utangazaji ya Kenya, pamoja na vituo vingine vya kimaeneo vilivyokuwa Nyeri na Kisumu. Mwaka wa 1961 huduma hiyo ikageuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya. Mwaka wa 1964, baada ya uhuru, shirika likataifishwa, likawa idara ya serikali chini ya wizara ya habari na kupewa jina la Sauti ya Kenya. Katika muongo huo huo jina la Sauti ya Mvita lilitoweka hewani. Mji uliokuwa na sauti yake ukawa na tawi la sauti ya taifa.

Sababu za kisiasa zilikuwepo, na haifai kuzibeza. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa bado milki ya Sultani wa Zanzibar kwa jina, ingawa uliendeshwa na Waingereza. Kulikuwa na waliotaka mwambao ujitenge, na kulikuwa na wengi zaidi waliotaka Kenya moja. Mwaka wa 1961 Sir James Robertson, aliyetumwa kuichunguza hali hiyo, alipendekeza ukanda huo uunganishwe na Kenya, na tarehe 8 Oktoba 1963 makubaliano yakatiwa saini. Makubaliano hayo yalilinda uhuru wa dini, mahakama za kadhi na hatimiliki za ardhi, na yakaahidi kwamba watoto wa Kiislamu wangeendelea kufunzwa Kiarabu. Lugha iliyotajwa ilikuwa Kiarabu, Kimvita hakikutajwa. Katika mazingira kama hayo si ajabu serikali changa ikaona kituo chenye jina la mji mmoja kuwa kidonda cha zamani. Majaribio ya mapinduzi ya tarehe 1 Agosti 1982, ambapo waasi waliikimbilia Sauti ya Kenya mapema, yalionyesha jinsi redio inavyotazamwa na wanaoshika au kuwania madaraka.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mtandao wa taifa ulikifanyia Kiswahili kazi ambayo kituo kimoja cha Mombasa kisingeiweza. Kupitia Idhaa ya Taifa, mkulima wa Kakamega na mfugaji wa Garissa walisikia taarifa moja kwa lugha moja katika saa ile ile. Wapwani wenyewe walinufaika na ukumbi huo mpana. Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, alianzisha kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka wa 1966, na kwa miongo mingi aliwafunza Wakenya wa kila kabila adabu pamoja na lugha. Alipofariki mwaka wa 2025 aliombolezwa nchi nzima. Hivyo basi, anayedai kwamba mtandao uliizima pwani hana budi kueleza ni vipi mwana wa pwani alikuja kuwa sauti iliyofahamika zaidi kuliko zote.

Jawabu ni kwamba wapwani walibaki hewani, ila Kimvita ndicho kilichoondoka. Mtangazaji aliyetoka Mombasa alikaribishwa studioni kwa sharti la kuiacha lahaja yake mlangoni. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili sanifu mwenye lafudhi tamu, na utamu huo ukasifiwa, lakini "ndia" ilibidi iwe "njia", na "mato" yawe "macho". Wakenya wa bara wakaizoea pwani isiyo na Kimvita, na hatimaye wakadhani kwamba hakuna pwani nyingine.

Athari yake inaonekana leo katika darasa la ushairi. Mwanafunzi anapewa shairi la mtunzi wa Mombasa, anakutana na neno "ndaa" au "mtele", na anaulizwa kuhusu uhuru wa mshairi. Mara nyingi hujibu kwamba mshairi ameiboronga lugha ili kupata urari wa vina au kutosheleza mizani. Baadhi ya walimu huliwekea jibu hilo alama ya vyema. Ilhali mshairi hakuboronga chochote. Ameandika njaa na mchele jinsi vinavyotamkwa nyumbani kwao. Anayemsoma Ahmad Nassir Juma Bhalo katika *Malenga wa Mvita*, diwani iliyotoka mwaka wa 1971, kwa jicho la namna hiyo huona dosari panapo umahiri, na huona tarakimu za mizani mahali ambapo pana mtu anayezungumza. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu aliyefariki mwaka wa 2014, aliziimba tungo za jamaa yake huyo, na waliomsikiliza hawakuhitaji maelezo ya chini ya ukurasa. Sikio lililozoea lahaja halihitaji kuambiwa kwamba lahaja ni lugha.

Hapo ndipo uzito wa suala hili ulipo. Kosa la miaka ya 1960 halikuwa kuunganisha vituo, bali kuunganisha bila kurithi. Mrithi huchukua mali ya marehemu pamoja na madeni yake. Mtandao wa taifa ulichukua mitambo, masafa na watangazaji, lakini haukuchukua jukumu la kuitunza sauti ambayo kituo kile kiliundwa kuibeba.

Wapo watakaopinga kwamba lahaja hewani zitawakanganya wasikilizaji na kuudhoofisha usanifu. Hoja hiyo ingekuwa na mashiko miaka ya 1960, wakati idhaa zilikuwa chache. Tangu miaka ya 1990, utangazaji ulipofunguliwa kwa watu binafsi, Kenya imepata vituo vingi vinavyotangaza kwa Kikuyu, Kijaluo, Kikamba, Kikalenjin na lugha nyinginezo, na umoja wa taifa haukusambaratika kwa sababu ya redio hizo peke yake. Isitoshe, vituo vya burudani vya mijini hutumia Sheng' kutwa kucha. Ni kinaya kwamba taifa linalovumilia Sheng' hewani asubuhi hadi usiku liendelee kuhofia "ndoo" ya Mmvita anayemwita mwenzake.

Wengine watasema kwamba pwani sasa ina redio zake, ikiwemo Pwani FM ya KBC, na kwamba malalamiko yamepitwa na wakati. Ni kweli kwamba vituo vipo. Hata hivyo, kituo kuwa pwani hakumaanishi kwamba kinasema kipwani. Baadhi ya vituo vya eneo hilo ni matawi ya makampuni makubwa yenye makao Nairobi, na mfumo wa tawi ni ule ule wa mwaka wa 1964: ladha huruhusiwa, lahaja husahihishwa. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali iendeleze na kulinda uanuwai wa lugha za watu wa Kenya. Lahaja za Kiswahili ni sehemu ya uanuwai huo, si makosa ya kurekebishwa.

Yanayoweza kufanywa si makubwa, nayo yamo katika uwezo wa idara za Kiswahili. La kwanza ni kukusanya. Waliokuwa vijana wakati Sauti ya Mvita ikisikika sasa ni wazee wa makamo ya mababu na mabibi, na kila mwaka idadi yao inapungua. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kwenda Mji wa Kale, Kisauni au Likoni akiwa na kinasa sauti, akawahoji kuhusu walichokisikia na jinsi kilivyosemwa. Kanda za zamani zilizomo majumbani zinafaa kunakiliwa kabla hazijaoza. La pili ni kudai: vyama vya Kiswahili viliombe shirika la taifa lenye tawi Mombasa litenge muda wa vipindi vya Kimvita, Kiamu na Chijomvu, wenyeji wakizungumza bila kusahihishwa. La tatu ni kufunza ushairi kwa sikio. Kabla ya kuhesabu mizani, mwalimu awasikilizishe wanafunzi shairi likighanwa na mtu wa lahaja ile.

Kujaribu kuifufua Sauti ya Mvita kama ilivyokuwa hakuna maana, kwani maji yakimwagika hayazoleki. Mtandao wa taifa utaendelea kuwepo na una haki ya kuwepo. Lakini deni la mirathi halifutwi kwa kupita kwa miaka, na anayestahili kuanza kulilipa ni yule anayejiita mwanafunzi wa Kiswahili, kwa kuwa ndiye anayesahihisha "mato" kwa wino mwekundu.