Mgeni Shambani, Faida ni ya Nani?

Ndugu wanachama,

Mendoza, katika nchi ya Argentina, ni jangwa chini ya milima ya Andes. Mvua ya mwaka ni kiasi cha milimita 200 tu. Mizabibu hunyweshwa maji ya theluji yaletwayo kwa mifereji. Mgeni hulipa asubuhi, akatembezwa na kiongozi viwanda vitatu vya mvinyo, akaonyeshwa mizabibu na mapipa, akaonja, akala huko huko, jioni akarudi na chupa.

Mvinyo kwetu ni haramu, wala simwiti mtu kuuonja. Lakini hesabu yao yafaa kusomwa. Mwenye kiwanda ampokeaye mgeni ndiye apataye. Mkulima mdogo auzaye zabibu tu, fedha ile humpita.

Nasi tuko wapi? Mara nyingi mgeni huletwa kwetu, akakatiwa tawi la mkarafuu, akapiga picha, akaenda zake. Kiongozi amelipwa, mwenye shamba ameambiwa ahsante.

Rai yangu: chama kiweke ada ya kuingia shambani, na mwanachama mwenyewe aeleze kuchuma na kuanika. Mkarafuu ni wake, na maneno yawe yake.

Katibu